Karatasi Niliyotia Saini Yeoville

Nikiwasikia watu wakisema siasa za Marekani ni tamthilia ya kwenye televisheni, damu hunichemka. Tamthilia gani hiyo ambayo watazamaji wake ndio wanaolazwa hospitali? Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa Yeoville, Johannesburg, mkalimani katika kliniki ndogo ya uzazi wa mpango, na nilitia saini karatasi iliyotoka Washington. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitajisafisha.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu ni Mwafrika Kusini. Tulikutana miaka ile alipokuwa kwetu uhamishoni, na nchi yao ilipokuwa huru tukahamia kwao. Kazi sikuipata upesi. Nilikuwa nikishona nguo nyumbani, nikajifunza Kizulu cha sokoni, hadi siku moja nilipompeleka kliniki jirani yangu Mkongo nikamsemea. Sista mkuu wa pale, ndivyo wanavyomwita muuguzi kule, mama wa Soweto mwenye sauti nzito na miwani iliyoning'inia shingoni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kesho naweza kuja tena. Nikaja kesho, na keshokutwa, hadi nikawa na kiti changu. Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania wenzangu, wote shida zao zilipitia mdomoni mwangu.

Kliniki ile haikuwa ikitoa mimba. Hilo lieleweke mapema, maana wapo watakaosoma hapa wakarukia kutuhukumu. Tulichoma sindano za uzazi wa mpango, tukagawa vidonge na kondomu, tukatoa ushauri. Sheria ya Afrika Kusini ilikuwa imeruhusu kutoa mimba changa miaka michache baada ya uhuru, na hospitali ya serikali, mwendo wa teksi moja kutoka kwetu, ilikuwa ikifanya hivyo bure na kwa usalama. Kazi yetu ilikuwa kumwambia mwanamke aliyetaka kujua: nenda kule, asubuhi, ulizia mlango fulani. Wengine walikwenda. Wengine tulizungumza nao wakaamua kuzaa, na watoto wao wakaletwa tuwaone. Dini yangu ina lake la kusema juu ya jambo hilo, na Sista nilimwambia tangu mwanzo. Lakini tumbo halikuwa langu.

Sasa Wamarekani. Fedha za kliniki kwa sehemu kubwa zilitoka kwao. Kule kuna vyama viwili vinavyogombana juu ya afya miaka nenda miaka rudi: serikali iingie wapi, isiingie wapi, nani atibiwe kwa kodi ya nani. Katika ugomvi huo, suala la kutoa mimba ndilo linalowatoa mapovu. Nyumbani kwao walishindwa kumalizana, kwa hiyo wakapata mahali pa kuoneshana ubabe, napo ni kwetu. Chama kimoja kikishika ikulu, rais anatia saini kwamba kliniki yoyote ya nje inayopokea dola zao za uzazi wa mpango isimshauri mwanamke kutoa mimba wala kumwelekeza pa kwenda. Chama kingine kikishika, amri inafutwa. Kisha inarudi tena. Na wale wale wanaohubiri kila siku kwamba serikali isijiingize kati ya mgonjwa na daktari wake, ndio walioituma serikali yao ikakae kati ya Sista na wagonjwa wake, ng'ambo ya bahari nzima. Unafiki huo umenikaa kooni hadi leo.

Karatasi ililetwa na kijana wa Kimarekani kutoka ofisi yao ya Randburg. Alikuwa mtu wa adabu, siwezi kumsingizia. Alikaa nasi chumba cha mapumziko, akala vitumbua vyangu vitatu, akatufundisha amri kifungu kwa kifungu. Ilikuwa na tundu moja dogo. Tungeruhusiwa kujibu endapo mambo matatu yangetokea kwa pamoja: mwanamke awe tayari ana mimba, aseme waziwazi kwamba ameshaamua kuitoa kwa mujibu wa sheria, kisha aulize mwenyewe ni wapi. Asipoyasema yote, tunyamaze. Tusimdokeze wala kumsaidia kuyafikia.

"Na mkalimani?" Sista aliuliza.

"Mkalimani anatafsiri kilichosemwa. Haongezi, hapunguzi."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaikubali amri ile. Akacheka kwa aibu. "Mimi ni wa chama kile kingine, mama. Tukirudi ikulu tunaifuta siku hiyo hiyo."

"Mtarudi lini?"

"Uchaguzi ujao. Miaka mitatu na kitu."

Sista aligeuza kichwa polepole akatazama ukutani, kwenye lile bango letu linaloonesha mimba inavyokua mwezi kwa mwezi, wa kwanza hadi wa tisa. Kijana naye akatazama, akashusha macho. "Eish," Sista akasema, akachukua kalamu akatia saini kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Nami nikatia yangu chini yake.

Nyumbani nilimwonesha mume wangu nakala. Aliisoma akiwa amesimama. "Tumekaa uhamishoni ujana wetu wote ili Bunge letu litunge sheria zetu," alisema, "leo mke wangu ananiletea amri ya ikulu ya wengine." Nikamjibu kwamba bila saini ile hakuna sindano hata moja, na kliniki ikifungwa wanawake watapata mimba zaidi, si chache. Nilikuwa na hoja. Alikuwa na hoja. Siku mbili hatukusemeshana, na kumbe tulikuwa tunafanya kama wao, tunagombea nani ana haki huku mwenye shida hajafika hata mlangoni.

Alifika majira ya baridi. Alikuwa Mrundi, msusi katika saluni iliyokuwa hatua chache kutoka kliniki. Mimi mwenyewe alikuwa amenisuka mara mbili. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta kazi Cape Town na habari zake zilikuwa zimekatika. Alikuwa na watoto wawili, na wa tatu mgongoni, ambaye alikuwa bado hajaota meno ya mbele vizuri. Siku hiyo pia alikuwapo mama mmoja wa ofisi ya Randburg aliyekuja kukagua, mwenyeji wa hapa hapa, amekaa pembeni na faili magotini. Alikuwa na haki ya kuandika chochote atakachosikia.

Yule dada alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, hata mkaguzi. Kisha akaniambia, macho yakiwa sakafuni: "Dada, mwambie madame niko na mimba. Na hali yangu anaiona."

Nikatafsiri. Sista akauliza: "Angependa tumsaidie nini?"

"Aa, dada. Mimi nitasema nini tena? Mwambie madame nimekuja kwake. Atakalosema nitalipokea."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Sista akavaa miwani, akaivua. Niliona anavyomtafutia njia. "Muulize, kuna jambo lolote ameshaamua?"

Yule dada alishtuka kama mtu aliyeambiwa ana kiburi. "Kuamua? Mimi ni nani niamue mbele ya madame? Ningekuwa nimeamua, ningekuja kufanya nini?"

Hapo ndipo amri ile ilipotunasa. Kwetu, kuanzia Morogoro hadi Bujumbura, huendi kwa mtu unayemheshimu ukamtupia uamuzi uliokwisha pikwa. Unaweka shida yako mbele yake, unanyamaza, unamwachia nafasi naye aseme. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Yule dada alikuwa ameshaamua. Nilijua mimi, alijua Sista, na nadhani hata mkaguzi alijua, maana aliacha kuandika. Lakini waliotunga amri ile walidhani kila mwanamke duniani huingia kwa daktari kifua mbele akatangaza anachotaka. Adabu yake ikawa ndiyo iliyomfungia mlango.

Sista alimweleza habari za kliniki ya wajawazito, vidonge vya kuongeza damu, tarehe ya kurudi. Nilitafsiri yote. Dada yule alisikiliza hadi mwisho, akainua macho akanitazama mimi, si Sista. Alikuwa ananisubiri. Mtu wa lugha yake. Nikamtabasamia, nikamfungulia mlango, nikamwambia karibu tena.

Wiki mbili baadaye msusi mwenzake alikuja mbio kliniki. Dada yule alikuwa amechukua namba kwenye tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya roboti, pale magari yanaposimama kungoja taa. Matangazo yale yalijaa mji mzima: haraka, bila maumivu, siku hiyo hiyo. Alielekezwa chumba kimoja nyuma ya spaza, kiduka cha bati, huko Diepsloot, mtaa wa mabanda pembezoni mwa jiji. Akapewa vidonge na kitu kingine ambacho hakuweza kukieleza. Alirudi Yeoville kwa teksi, akaketi, akasuka kichwa cha mteja hadi kikaisha, ndipo akaanguka.

Nilikwenda hospitali siku iliyofuata. Ilikuwa ile ile, mwendo wa teksi moja. Mlango niliowaelekeza wanawake wengi kabla ya ile karatasi ulikuwa kwenye korido hiyo hiyo ya wodi yake. Niliupita nikiona benchi lake, wanawake wamekaa na vikoba vyao wakisubiri kuitwa, mmoja anasoma gazeti. Basi. Hivyo tu. Benchi na gazeti.

Alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Aliniona akafurahi. Kabla sijakaa, daktari akaja kwenye mzunguko wake, kijana mchovu, akauliza kama naweza kumtafsiria. Akasema wamelazimika kumtoa kizazi ili asife kwa kuvuja damu na maambukizi, na kwamba hatazaa tena. "Mwambie yote," akaniambia. "Jana hakukuwa na mtu wa lugha yake. Usiache neno."

Nikamwambia yote. Sikuacha neno. Kwa hilo nilikuwa na ruhusa kamili; hapakuwa na karatasi ya Washington iliyonizuia.

"Mwambie docteur asante," akasema. Daktari akaenda. Mlango wa wodi ulikuwa wazi; koridoni nesi akapita na mwanamke kutoka kwenye lile benchi, akamwingiza kwenye ule mlango, na dada yule akaniuliza pale wanafanya nini. Nikamjibu. Nikamwambia ni bure, ni halali, ni madaktari. Aliutazama mlango kwa muda mrefu.

"Wewe ulikuwa unajua, dada?"

"Nilikuwa ninajua."

"Na yule mama mwenye faili, anasikia Kiswahili?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyesikia Kiswahili. Sista hakusikia. Mkaguzi hakusikia. Ningeweza kumwambia, mwanangu, sema hivi na hivi, uliza wapi, na wote wawili wangedhani namuuliza amekula nini asubuhi. Amri ya watu wa mbali kiasi kile niliitii katika lugha ambayo hakuna aliyeweza kunikamata nayo. Nina hasira na Wamarekani, vyama vyote viwili, na sitaiacha. Lakini karatasi ile haikuwa na masikio. Masikio nilikuwa nayo mimi.

"Hasikii," nikamjibu. Akaniomba nimmiminie maji. Nikammiminia, akanywa, akanishukuru, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo, mwanamke wa Kiswahili akiingia, nilimsalimia kwa kirefu. Katika salamu hizo nilimweka sawa: kama umekuja kwa hili, usiogope kuonekana huna adabu, sema nina mimba, sema nimeamua, uliza wapi. Sista aliona salamu zangu zimerefuka. Hakuuliza. Ripoti ya mkaguzi ilinisifu kwa kufuata taratibu, na nakala yake ninayo mpaka sasa.

Uchaguzi wao ulikuja, chama cha yule kijana kikashindwa tena. Alikuja kutuaga, maana alikuwa anarudi kwao. Akaketi pale pale kwenye chumba cha mapumziko, macho mekundu, akatueleza kura za jimbo gani zilipotea na kwa nini. Alisema hajalala vizuri. Alisema ni pigo kubwa kwao, ila watajipanga upya, tuvumilie miaka minne mingine. Kisha akasema, "Poleni sana, akina mama," na nadhani alimaanisha.

Nikamwambia pole hiyo si yangu. Nikamwambia mwenyewe yuko saluni, hatua chache tu kutoka hapa, anasuka wakati huu. Twende akampe kwa mdomo wake, nami nitamtafsiria neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Akatazama saa. Akasema ana kikao Randburg.