Fundi Asiyepigwa Danadana

Fundi wa programu za kompyuta hugonga meza kwa kidole kila programu yake inapoelekezwa kwingine. Inabisha hodi kwenye anwani ya tovuti, inaambiwa, "Tumehamia kule," inafuata, naye anagonga: ko. Ikirudishwa ilikotoka, anaikatiza bila huruma. "Huo ni mzunguko. Mimi sipigwi danadana!" Kisha anajimiminia chai kwenye kikombe kikubwa kama ndoo. Asubuhi moja chai ikadai njia. Akaenda mapokezi kuomba ufunguo wa choo. "Uko kwa mhasibu, kaka." Mhasibu akamtuma kwa mlinzi, mlinzi, macho kwenye simu, akamrudisha mapokezi. Kila mlango aliugonga kwa kidole kilekile, ko, magoti yamebanana kama yanasemezana. "Si nimekwambia uko kwa mhasibu?" akasema dada wa mapokezi. Fundi akajinyoosha, akainua kidole. "Huu ni mzunguko, dada. Nakatiza ombi." Akarudi kifua mbele, akaketi, akatabasamu kama aliyeshinda kesi. Tabasamu halikufika mbali. Programu alizoziandika mwenyewe, akizikatiza, hutulia. Kibofu hakukiandika yeye.