Pete ya Malowitari

Mjini Meroe, mpiga upinde anayejiheshimu hakuvaa pete isiyosagwa na Malowitari. Kwa miaka thelathini mzee huyo alikaa nyuma ya lundo la mavi ya chuma, moshi wa matanuri ukimkohoza, akisaga jiwe jeusi kwa mchanga na maji. Pete hiyo huvaliwa kwenye dole gumba, nayo ndiyo huvuta ugwe wa upinde. Ikicheza kidogo tu, mshale hujiendea unakotaka.

Mdomo wake haukuwa na breki za adabu. "Hilo dole au tango?" aliwauliza hata makamanda, nao wakacheka, maana walimhitaji.

Malowitari alimsagia mwanawe wa kwanza pete isiyo na kasoro. Kijana akaenda nayo vitani kaskazini, hakurudi. Sasa Aritenye, wa pili na wa mwisho, alitaka kuingia jeshi la Kandake, malkia wao. Ambaye angekosa shabaha kwenye majaribio angerudi kuchunga ng'ombe.

Malowitari hakubishana. Alimsagia pete, akaipanua kwa unene wa unywele. Aliharibu kazi kwa makusudi mara hiyo moja tu maishani, na mimi simlaumu.

Siku ya majaribio, mbele ya hekalu la mungu simba, Aritenye alipiga mishale mitatu. Yote ikapata.

"Pete ya nani hiyo?" kamanda aliuliza.

"Ya baba! Kwani kuna mwingine?"

Watu wakashangilia. Mzee akabaki kinywa wazi.

Waliporudi nyumbani, wakakaa na kibuyu cha pombe ya mtama. Aritenye akaivua pete. Ndani alikuwa ameizungushia uzi wa pamba.

"Ilikuwa inacheza kidogo, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Najua macho yanakusumbua siku hizi. Nikaona ninyamaze, watu wasije wakakucheka."

Malowitari alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Macho yangu hayana neno."

"Ndivyo wasemavyo wazee wote."

"Mnaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi lete dole lako hapa, mjinga wewe."

Akalishika kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji, kisha akachukua jiwe jipya, akaanza kusaga.