Nyumba 407, Mtupaji Mkubwa wa Mwezi

Bibi Bong-sim wa nyumba 407 hatupi chakula. Naishi mkabala naye na shule nimeacha tangu mwaka juzi, kwa hiyo muda wa kutazama ninao. Hata majani magumu ya kabichi huyaanika apikie supu.

Basi juzi skrini mpya ya ukumbi wa ghorofa letu ikaandika kwa nyekundu: 407, MTUPAJI MKUBWA WA MWEZI.

Eti mji wetu sasa una akili. Pipa la mabaki ya chakula lina mzani: unagusisha kadi ya nyumba yako, linafunguka, linapima, linaripoti ofisini. Sawa. Lakini Novemba tunatengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, ya kula hadi masika. Wote tunaotumia ngazi moja, nyumba kumi na mbili, tulijazana jikoni kwa Bibi na kabichi mia mbili. Mabaki yalilowa maji ya chumvi, mazito kama mawe. Na kila ndoo iliyoshuka, kadi aligusisha yeye. "Jiko langu, taka zangu," alisema.

Sisi wengine kumi na moja tukatumiwa vyeti vya kupunguza taka! Hata nyumbani kwetu cheti kimo.

Msimamizi wa jengo, Bwana Pyo, akamkuta Bibi mlangoni pa lifti. "Bibi, Jumatatu una somo la kutopoteza chakula. Mashine imekuchagua."

"Hiyo mashine imewahi kula kimchi yangu?"

"Mimi nasoma tu ilichoandika."

"Wewe umekula! Mwaka jana ulibeba ndoo mbili, ukarudi kuulizia ya tatu!" Kisha sauti ikashuka. "Wanangu wanakuja mwaka mpya, Pyo. Watasoma pale ukumbini. Nifutie."

"Hakuna pa kufutia, Bibi."

Majirani waliokuwa wakisubiri lifti wakabonyeza kitufe tena. Nikashindwa kunyamaza, nikamgeukia mmoja wao. "Mama Yu-ran, si ndoo nne za mabaki zilikuwa zako?"

"We mtoto, nani kakuuliza?"

Jumatatu Bibi alivaa koti lake la harusini. Nilimsindikiza, wa ngazi yetu hakuja mwingine. Kijana wa ofisini, mpole kabisa, akauliza kila mtu ataanza kubadilisha nini.

Bibi akasimama. "Mwanangu, andika. 407 haitengenezi tena kimchi ya watu. Nitaloweka kabichi zangu mbili, basi."

Kijana akaandika. Akasema hayo ndiyo matokeo mji unayoyataka, akampigia makofi.