Duka la Pili la Candida

Candida alikuwa na maduka mawili, na la pili halikuwa na mlango. La kwanza lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, fremu nyembamba iliyojaa kanga kutoka sakafuni hadi darini. La pili lilikuwa tovuti. Enzi hizo serikali imeshafungulia biashara huria, kila mwenye mtaji anauza, lakini wenzake wengi walidhani tovuti ni mambo ya watu wa maofisini Posta wenye tai. Candida, mtoto wa wakulima wa korosho wa Ndanda, hakuona cha kuogopa. Aliitangaza tovuti yake kwa kila mteja kama mtu anayetangaza mjukuu.

Alitengenezewa na Amit, kijana wa Kisutu, akawekewa picha za kanga ili wateja wa mbali wachague kabla ya kuagiza. Kosa alilifanya baadaye, alipotafuta kampuni ya kuihifadhi mtandaoni: aliangalia bei tu. Naye ni mfanyabiashara, anayejua kuwa rahisi ni ghali! Tovuti ikawa leo inafunguka, kesho haifunguki, hadi siku Bi Shadya, mteja wake wa visiwani Moroni, alipompigia simu kumpa pole.

"Pole ya nini?"

"Si umefunga duka, dada? Nimejaribu wiki nzima. Nikanunua kwingine."

Yalimchoma maneno yale. Fremu yake haikuwahi kushinda imefungwa. Hata alipokwenda kumzika mama yake, shoga yake Blandina, muuza viatu wa fremu ya jirani, alimshikia. Bi Shadya akampa nafasi moja. Mpwa wake alikuwa anaolewa, na wanawake wa ukoo wangekaa Jumamosi moja baada ya Idd kuchagua sare ya harusi. "Wasipoikuta tovuti yako," akasema, "sitaweza kukutetea tena."

Candida akapanda ngazi hadi ofisini kwa Amit.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nieleze, hii tovuti yangu inakaa wapi hasa?"

Amit akamweleza kwamba inakaa ndani ya kompyuta moja kubwa, pamoja na tovuti za watu wengine wengi. Wote wanachangia gharama, ndiyo maana bei ni ndogo. Ila mmoja akitumia nguvu nyingi, wote wanakwama.

"Kumbe nimepanga chumba," Candida akasema, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kupanga anakujua. Alikaa Magomeni miaka mingi, nyumba ya vyumba sita na mita moja ya umeme. Anamjua mpangaji anayeficha jiko la umeme uvunguni, fyuzi ikikatika anatoka kuuliza kama wenzake. Anamjua na mwenye nyumba ambaye siku ya kodi ni ndugu yako, siku ya fyuzi yuko Bagamoyo. Ndiyo maana mwanamke mwenye akili halipi kodi kabla hajakaa uani na wapangaji, akawasaidia kuchambua mchicha, akauliza. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, basi waulize waliolala.

"Nitafutie kampuni tatu," akamwambia Amit, "halafu nipe wapangaji wake."

Amit akampatia. Candida akajifunga kanga yake nzuri, akazunguka mji: zahanati, hoteli, chuo cha ushonaji cha Ilala. Kote aliuliza yale ya uani: pakiharibika, nani anakuja? Mpangaji mkorofi anaondolewa au anaonewa haya? Wa kampuni ya kwanza walisifia ofisi ina kiyoyozi. Wa pili waliguna. Kwenye chuo cha Ilala, Mwalimu Paskalina alimsifia mwenye kampuni ya tatu, mtu aitwaye Zahoro.

"Kuna mmoja alijaza minyimbo yake tukakwama wote," alisema. "Zahoro alimhamisha siku ileile, akatupigia kutuomba radhi. Sisi hata hatujalalamika."

Candida bado hakulipa. Alisubiri sikukuu ya Idd, saa ya pilau, ndipo akampigia Zahoro. Simu ilipokelewa haraka, sahani zikisikika nyuma.

"Naam, mama, kuna tatizo?"

"Hakuna. Idd Mubarak. Nilitaka kujua kama unapokea."

Zahoro akacheka. "Umenipima."

"Nimekupima. Na huu mgawo wa umeme je?"

"Kompyuta zenyewe ziko Ujerumani, mama. Huko hawaujui mgawo."

Candida akalipa, akaihamishia tovuti kwake.

Jumamosi ya Bi Shadya ilipofika, Kariakoo hadi Kisutu kukaamka hakuna umeme. Kwa Amit giza, kwenye intaneti kafe giza. Candida hakuwa na namna ya kuiona tovuti yake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, simu mapajani, akiwa na hofu kuliko alivyotaka watu wajue. Alasiri simu ikaita, na sauti za wanawake zikamjaa sikioni.

"Wamegombana, dada, lakini wameafikiana," Bi Shadya akasema. "Ile kanga nyekundu yenye nakshi ya korosho. Ukoo mzima."

"Mmeiona vizuri?"

"Tangu asubuhi tunaifungua. Duka lako liko wazi."

Candida alishusha pumzi. Korosho za kwao, kwenye mabega ya ukoo mzima, ng'ambo ya bahari. Alijisikia fahari hadi machozi yakamlengalenga.

Blandina alikuwa anateremsha mlango wake. "Funga twende, shoga. Mgawo umetufungia sote leo."

"Funga lako," Candida akamjibu. "Langu lina wateja."