Kichujio Kilichochukia Dua

Mashine itamtambuaje mtu anayekuombea dua kwa moyo wake wote, imtenge na yule anayekuombea dua hiyo hiyo ili akuibie? Swali hili nimelibeba tangu nilipokabidhiwa seva ya barua pepe ya chuo kimoja cha ufundi huko Baba Dogo, na mpaka leo sina jibu. Nilipoanza kazi ile sikujua hata kwamba hilo ni swali. Nilidhani ni hesabu tu.

Mkuu wa chuo, mwanamke mwenye subira na kila kitu isipokuwa upuuzi, aliniita ofisini asubuhi moja akanigeuzia skrini yake. Mjane wa jenerali fulani alitaka kumgawia urithi. Benki asiyokuwa na akaunti nayo ilimjulisha kwamba akaunti yake imefungwa. Mfamasia asiyemjua alikuwa tayari kumwongezea nguvu za kiume.

"Si wewe umesomea haya mambo chuo kikuu?"

"Nimesoma, Madam."

"Basi wafungie mlango. Na huyu wa nguvu za kiume umwanzie."

Nikaufunga. Kichujio cha barua taka hufanya kazi kama mwalimu anayesahihisha mtihani, ila chenyewe hutoa alama kwa makosa. Barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu nikaipa alama mbili. Neno "haraka" kwenye kichwa cha barua, moja. Unyenyekevu uliopita kiasi, moja. Kumtaja Mungu kwa mtu msiyejuana, moja na nusu, kwa kuwa nilikuwa nimegundua kwamba matapeli wote ni wacha Mungu. Anwani moja inayotuma barua nyingi zinazofanana, mbili. Barua ikifikisha tano, inatupwa kwenye kapu la taka ambalo halifunguliwi na mtu, nalo hujimwaga lenyewe kila baada ya wiki mbili. Kanuni hizo nilizitunga mwenyewe na nilizionea fahari. Wakati wa chai niliwaeleza wenzangu moja baada ya nyingine, hadi mmoja wao akachukua kikombe chake akahamia dirishani.

Baadaye chuo kikatangaza nafasi ya mpishi mkuu. Maombi yapokelewe kwa barua pepe peke yake, mwisho Ijumaa. Wazo hilo la barua pepe peke yake lilikuwa langu pia.

Mlango unaotazamana na wangu kule Tassia, mtaa ninakopanga, ulikuwa wa mama mmoja kutoka Kakamega. Kwa miaka mingi aliwapikia watoto wa shule ya msingi, mpaka shule ikafungwa, na tangu hapo akawa anaitwa harusini na matangani tu, pale wengine wanapokosekana. Kazi ile aliitaka kwelikweli. Jengo zima lilijua, kwa sababu alifanyia mazoezi ya usaili kwenye ngazi, akijiuliza maswali kwa sauti nene na kuyajibu kwa sauti yake.

Jumapili mchana, akitoka kanisani, alinikuta nikianika shati.

"Mwalimu," aliniita. Simfundishi mtu yeyote, lakini katika jengo letu kila mwenye miwani na mkoba ni mwalimu. "Huko kwenu hamsomangi barua?"

"Tunasoma, Mama."

"Yangu je? Nimetuma mara mbili. Hata 'tumeiona' hakuna. Na kesho asubuhi si ndiyo mnaandika majina ya watu wa kuitwa?"

"Ndiyo, kesho. Labda ulikosea anwani."

"Nikosee? Si wewe uliniandikia kwa karatasi na mkono wako?" Akacheka. "Ama ulinipea ya kanisa lenu, ndiyo maana nangoja miujiza?"

"Uliituma kutoka wapi?"

"Wapi tena? Saiba ya hapa chini. Yule wa Pwani anaandikanga vizuri. Aliniwekea mpaka dua."

Niliposikia neno hilo la mwisho, nilikumbuka kanuni yangu ya moja na nusu. Niliacha shati likidondosha maji nikashuka.

Mwenye saiba alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, kompyuta zake sita za kukodisha zikiwa hazina wateja. "Karibu, ndugu yangu. Jumapili nyinyi mko ibadani, mimi nawalindia mtaa."

Nilimwomba anieleze jinsi anavyowaandikia watu barua za kazi. Alinitazama kama niliyemuuliza jinsi anavyonawa uso, kisha akaeleza. Wengi wanaomjia hawana anwani ya barua pepe, au walikuwa nayo wakasahau neno la siri. Kwa hiyo barua zote hutoka kwenye anwani yake yeye, jina na simu ya mwombaji zikiwekwa chini.

"Na herufi kubwa?"

"Kila fomu ya serikali husema jaza kwa herufi kubwa. Mimi ni nani nimwandikie mkuu wa chuo kwa herufi ndogo?"

"Na Mungu?"

"Mkristo namtangulizia 'Bwana apewe sifa', Mwislamu namtolea salamu. Mtu haingii ofisi ya watu kimyakimya kama mwizi. Kisha naomba kwa unyenyekevu, naweka 'haraka' wasije wakailalia, na mwisho dua. Wewe wamwomba mtu kazi, humwombei dua?"

Nikajumlisha kimoyomoyo. Saba na nusu.

Nilikaa kwenye kompyuta yake mojawapo nikaingia kwenye seva na kufungua lile kapu. Barua zake za kuomba kazi ya upishi zilikuwamo kumi na moja, mbili zikiwa za jirani yangu, zimebanwa katikati ya matangazo ya dawa. Mwenyeji wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hizo si barua zangu? Zafanya nini jaani?"

"Ni seva imekosea."

"Na seva kaifunza nani?"

Nilifungua orodha ya barua zilizoruhusiwa kupita. Mjane wa jenerali alikuwa amepita asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa ameanza kuandika kwa herufi ndogo, mikato yake mahali pake, bila kumtaja Mungu hata mara moja. Alama zake zilikuwa sifuri.

Ndipo nilipopata wazo ambalo ningependa kusema lilitokana na unyofu, ingawa nadhani nilitaka tu kujitetea. Barua niliyoombea kazi katika chuo hicho nilikuwa bado ninayo. Nikaipitisha kwenye kichujio. Tano na nusu. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, kwa haraka na kwa unyenyekevu, nikamwombea mkuu wa chuo pamoja na familia yake.

Mwenye saiba alicheka hadi akashika ukingo wa meza. "Kumbe nawe ni tapeli mwenzetu!"

Ningeweza kuirudisha barua ya jirani yangu peke yake, ninyamaze, na asingejua mtu. Nakiri kwamba kidole kilishaielekea. Lakini wale wengine tisa nao walikuwa wakingoja mahali fulani, pengine wakijilaumu kwa kukosea anwani. Nilimwomba achapishe kumi, nikiacha nakala ya pili ya jirani. Kisha nikafuta kanuni ya Mungu, ya herufi kubwa na ya unyenyekevu, na kuliamuru kapu lisijimwage kabla sijalisoma kwa macho yangu.

Asubuhi ya Jumatatu nilifika chuoni kabla ya mkuu. Nilikuwa nimezipanga barua kwa kufuata siku zilipoingia, na njia nzima nilipambana na hamu ya kuipandisha moja. Ya jirani yangu ilikuwa ya saba. Niliiacha ya saba.

"Madam, hizi zilifika kabla ya Ijumaa. Kichujio changu kilizitupa. Kosa ni langu, si la mashine. Na ya saba ni ya jirani yangu, ujue mapema."

Mbele yake palikuwa na karatasi yenye majina manne, tayari kubandikwa ubaoni. Aliisukuma kando, akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza wa barua ya juu.

"Amina," alisema bila kuinua macho. Kisha akachukua rula, akachora mistari kumi ya majina mengine chini ya yale manne.