Shoti ya Saba

Kazi yangu ni kupanga shoti. Watu wakisikia niko kwenye filamu huniuliza nimeigiza wapi. Nikiwaeleza kwamba mimi ndiye ninayeandika kwenye daftari kamera itasimama wapi, itamtazama nani na kipi kitangulie kipi, hubadilisha mazungumzo. Siwalaumu. Mama yangu mwenyewe ameniuliza mara mbili kama hiyo kweli ni kazi.

Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba hadithi haipigwi jinsi inavyosimuliwa. Jua likiwa upande huu, unapiga kila kinachotazama upande huu, hata kama kimoja ni mwanzo wa hadithi na kingine ni mwisho. Ndiyo maana katika filamu hii ninayoieleza, mzee mmoja alizikwa kijijini Kanja siku ya Jumatatu, na Alhamisi akawa sokoni Ruiri ananunua ng'ombe na kutafuna mbavu. Mimi ndiye niliyepanga hivyo, na kwa kawaida hainikoseshi usingizi.

Safari hii ilinivuruga, kwa sababu boma la Kanja lilikuwa letu. Mwongozaji alitaka nyumba ya mabati yenye kahawa na migomba kwenye mteremko, na mimi kwa kiherehere changu nikasema kwetu kuna hivyo vyote. Maneno yalipokwisha kunitoka ndipo nikakumbuka ni nani aliyelala nyuma ya ile migomba.

Baba alifariki wakati wa korona. Nilikuwa Nairobi, barabara za kutoka zimefungwa, na mazishi yalifanywa haraka na watu wachache wenye barakoa. Nilimzika baba yangu kwa simu. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyenipigia ya video. Nilimwona mhubiri, nikaiona migomba, nikaliona jeneza juu ya mbao. Kisha, lilipoanza kuteremshwa, picha ikashuka ghafla ikabaki kwenye jozi ya gambuti, viatu virefu vya mpira, nyeusi zenye matope. Gambuti na nyasi, gambuti na nyasi, mpaka mtandao ukakatika. Kanja nzima huvaa gambuti msimu wa mvua, kwa hiyo hata sikujua ni za nani.

Sikumsamehe ndugu yangu. Tangu siku hiyo nikamwita mpiga picha wa viatu, tena mbele ya watu, nao wakacheka. Yeye hucheka kidogo kisha huenda kuangalia ng'ombe.

Basi nikakaa katika chumba cha wageni mjini Embu, nikaanza kuandika shoti za mazishi ya mzee wa filamu. Ya kwanza, waombolezaji wanapanda mteremko. Ya pili, mhubiri. Nikaenda vizuri hadi ya saba, jeneza linateremshwa, na hapo kalamu ikagoma. Mjane anasimama wapi? Mwana wa kwanza yuko mkono gani wa mama yake? Niliandika nikafuta, niliandika nikafuta. Nimepanga harusi, ajali na vita vya ndugu bila kuwahi kuviona, lakini hapo sikujua kama ninabuni au ninajaribu kukumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mwishowe niliacha mistari minne mitupu. Nilijiambia kwamba nikifika Kanja, nikisimama penyewe, nitajua. Huo ndio ukweli wa kwa nini niliitoa nyumba yetu. Sikuutafuta mteremko, niliitafuta ile shoti.

Mama alikubali kwa sharti moja, nalo alilisema kwenye simu huku akipepeta maharagwe.

"Chimbeni. Lakini shimo hailali wazi hapa kwangu. Ikifika jioni na hakuna mtu ndani, mtazika mgomba."

Nikaitikia ndiyo, Mami. Kila mtoto wa huko kwetu analijua hilo: kaburi likichimbwa linadai mtu, na kama mtu hayupo, linapewa shina la mgomba, linafunikwa, na halifunguliwi tena. Nililijua tangu utotoni. Hata hivyo, kwenye daftari nilipanga kwamba shimo lichimbwe Jumatatu asubuhi, shoti sita za kwanza zipigwe siku hiyo, na ya saba ipigwe Jumanne, kwa kuwa mwanga mzuri huingia shimoni saa tatu asubuhi. Mpaka leo sielewi niliwezaje kuandika hivyo. Kichwa kimoja kilikuwa na Mami ndani yake na jua pia, na hawakukutana.

Jumatatu saa kumi jioni, mafundi wakifunga vifaa, Mama alitoka jikoni akaliangalia shimo. Kisha akaniangalia mimi.

"Mgomba iko wapi?"

Mwongozaji, kijana wa Nairobi mwenye heshima zake, akamjibu kwa upole. "Mathe, hili ni shimo la filamu tu. Kesho asubuhi tunamaliza."

"Na shimo inajua ni ya filamu?"

Mwongozaji akanivuta pembeni na upole wake ukaisha. Bila ya saba hatuna mazishi, aliniambia, ongea na mama yako. Nikabaki katikati, huku bosi, kule mama, na daftari langu mkononi halinisaidii kitu. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na sikujua kwa nini machozi yalikuwa karibu.

Ndugu yangu ndiye aliyeamua. Alichukua panga, akakata mgomba uliokwisha kuzaa, akaubeba begani hadi shimoni. Mwongozaji aliingia kwenye gari akafunga mlango.

Nilidhani tutautupa ndani tufukie, basi. Mama akakataa. Mtu hatupwi, akasema, na akaanza kutupanga. Majirani wawili upande wa juu. Ndugu yangu na binamu kwenye kamba. Yeye mwenyewe upande wa chini, karibu na kahawa. Alitupanga upesi, bila kubahatisha, na nilielewa taratibu kwamba huo haukuwa mpangilio wa mgomba. Ulikuwa wa siku ile. Yote niliyokuwa nikiyatafuta Embu alikuwa nayo yeye, mkono gani, hatua ngapi. Nikafungua daftari kwenye ile mistari minne.

"Na mwana wa kwanza alisimama wapi?" nikauliza, kana kwamba ninamuuliza juu ya mtu mwingine. Kisha nikajisahihisha kwa uchungu. "Lakini hakukuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Nani alikuambia hukuwepo? Njoo hapa." Akanionyesha kando yake, mkono wa kulia. "Ulikuwa hapa. Huyu ndugu yako alihitajika kwa kamba, nikachukua simu."

Sikuelewa. Nikamwambia kwamba simu ilikuwa inaonyesha gambuti, muda wote gambuti, sikuona kitu.

"Kuona ni nini? Mimi sikuwa napiga picha. Nilikuwa nimekushika mkono." Akashusha mkono wake ubavuni, vidole vimekunjwa, akaniangalia kama mtu anayemweleza mjinga. "Mtoto anashikwa hapa chini."

Nikamtazama ndugu yangu ng'ambo ya shimo, kamba imezunguka viganja vyake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeanza kumcheka yeye," akasema, akimwonyesha Mama kwa kidevu.

Mama akaomba kwa Kiembu, kwa ufupi. Mgomba ukateremka. Mpiga kamera wetu aliniuliza kwa ishara kama awashe, nikatikisa kichwa kukataa. Nililifunga daftari nikaliweka kwenye nyasi kwa sababu nilihitaji mkono wa kulia kwa udongo, na wa kushoto alikuwa ameshaushika Mama.

Shoti ya saba haikupigwa. Kwenye filamu jeneza liko juu ya mbao, halafu kaburi limefunikwa, na mwongozaji husema watu wanaona kuna kitu kimekosekana hapo katikati.