Picha za Breda
Ijumaa, Novemba 14. Mvua iliyochanganyika na theluji ilinyesha katika mji wa Tolmin tangu mchana, lakini ukumbi wa maktaba ulijaa, maana Ciril alikuwa anaonyesha picha za safari ya Albania. Mkewe Breda aliketi nyuma, kwenye projekta. Picha zote za safari zao huzipiga yeye, na mchana ule Ciril alikuwa amemwahidi kwamba mara hii atamtaja mbele za watu.

Ciril akasimulia: nilipanda, nilivuka, nililala kwa wachungaji. Hakusema hata mara moja kwamba walikuwa wawili.

Mwishoni mzee mmoja akauliza, "Bwana Ciril, hapo umening'inia mwambani kama mbuzi. Nani alikupiga picha?"

"Aa, mpita njia tu! Kule watu ni wakarimu sana."

Ukumbi ukacheka. Breda akazima projekta.

Baadaye, kwenye divai na keki ya kokwa za jozi, mama mmoja ambaye Breda hakumfahamu akamgusa bega. "Hongera, dada, una mume shujaa. Wewe huwa unabaki kulisha kuku?"

"Ndiyo," Breda akajibu, akairudisha keki mezani.

Kesho yake asubuhi, Ciril akiwa bado amelala, Breda alipiga simu maktaba ya mji wa Bovec, ambako onyesho lingerudiwa wiki iliyofuata, akasema picha hazitakuja.

"Pole, mama. Bwana Ciril anaumwa?"

"Mzima kabisa, na atakuja. Picha ndizo haziji."